Kasha la mjomba: mdundo mmoja, sauti tatu

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 27, niko Tanga. Mjomba wangu alikuwa baharia. Amefariki mwaka jana, na kasha lake la santuri 38 limekuja kwangu kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Karibu zote ni rege ya zamani, na nyingi zina watu wanaosemasema juu ya muziki badala ya kuimba. Nimegundua kuwa General Echo, Sister Nancy na Tenor Saw wana nyimbo zenye muziki uleule kabisa. Je, waliibiana? Nataka kuuendeleza mkusanyo huu ila fedha sina nyingi. Nianzie wapi? Na jambo la mwisho: mjomba aliandika kwa kalamu nyuma ya kila jalada, mfano "London 11/82" au "Rotterdam 3/83". Nimeambiwa maandishi hayo yanashusha bei, niyafute. Orodha ya nilizonazo nimekuambatishia.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Orodha yako nimeisoma mara tatu. Nilipofika kwenye Sister Nancy, "One, Two", lebo ya Techniques, nikaweka miwani chini. Mjomba wako hakuwa mtu wa kuokotaokota. Alijua anachotafuta. Kwa hiyo kabla hujanunua hata santuri moja, kaa na hizi 38 mpaka zikuoneshe yeye alikuwa akifuata nini.

Tuanze na neno, maana huku kwetu linachanganya. Sisi tukisema dijei tunamaanisha yule anayebadilisha nyimbo harusini au disko. Jamaika huyo anaitwa selekta. Dijei wao ndiye mwenye kipaza sauti: anaghani juu ya mdundo, anasifu, anachokoza, anaonya, anatoa habari za mtaa. Nasema anaghani kwa makusudi. Ghani yetu iko katikati ya kusema na kuimba, na dijei anakaa papo hapo. Hao ndio watu wako "wanaosemasema".

Walianzia kwenye saundi, yaani zile seti kubwa za spika na vikuza sauti zilizokuwa zikifungwa uwanjani au kwenye ua wa mtu Kingston, watu wakalipa kiingilio wakacheza. Jina dansiholi linatokana na ukumbi wa dansi, ingawa mara nyingi ukumbi wenyewe ulikuwa uzio wa mabati na mbingu juu. Santuri ndogo za Jamaika zilikuja kuwa na desturi ya kuweka upande wa pili wimbo uleule ukiwa umeondolewa sauti ya mwimbaji. Huo waliuita vesheni. Uwazi huo ndio dijei aliouingia. Mwaka 1970 U-Roy, aliyekuwa akighani kwenye saundi ya King Tubby, alirekodi kwa mtayarishaji Duke Reid nyimbo tatu ambazo zilishika nafasi tatu za juu za chati ya Jamaika kwa wakati mmoja. Mojawapo, "Wear You to the Ball", ameghani juu ya wimbo wa kundi la Paragons, na sauti unayoisikia ikitokea nyuma yake ni ya John Holt, yule yule ambaye wazazi wako huenda walimcheza. Kuanzia hapo hakuna aliyesema tena kuwa kughani si kazi ya studio.

Sasa wizi. Hapana, hawakuibiana. Mtunzi wa Pemba akitunga utenzi wa mizani nane hajamwibia aliyetunga utenzi Lamu miaka mia mbili kabla yake. Bahari, yaani aina ya shairi, ni ya wote, na hadhira inampima mtunzi kwa alichokifanya ndani ya bahari hiyo. Jamaika bahari yao ni ridimu: besi na ngoma zilizokwisha kuzoeleka masikioni, zenye jina maalumu. Ridimu ikilia, ukumbi unaitambua kwa sekunde mbili, kisha unasubiri: huyu naye ataleta nini?

Ridimu ya nyimbo zako tatu inaitwa Stalag. Ilizaliwa mwaka 1973 kama wimbo wa kinanda wa Ansell Collins, "Stalag 17", kwa mtayarishaji Winston Riley, na jina lilitoka kwenye filamu ya kambi ya wafungwa wa vita. Dijei Big Youth aliiwahi mapema na "All Nations Bow". Mwaka 1979 General Echo akaghani "Arleen" juu yake. Mwaka 1982 akaja Sister Nancy na "Bam Bam". Mwaka 1985 Tenor Saw, ambaye ni mwimbaji na si dijei, akaipandia na "Ring the Alarm". Na maneno ya "bam bam" nayo yana ukoo wake: yalitoka kwenye wimbo wa kundi la Maytals ulioshinda shindano la nyimbo za Tamasha la Jamaika mwaka 1966. Mjomba wako amekuachia miaka sita ya maisha ya mdundo mmoja, kutoka kwa watu watatu wenye tabia tofauti kabisa. Echo ni mcheshi na mtundu. Nancy ni msichana wa miaka 20 anayejibu waliomuuliza kwa nini yuko jukwaani. Tenor Saw anaimba kama muadhini aliyeona moto. Mtu hazipati hizo tatu kwa bahati. Alikuwa akiufuata mdundo, na hiyo ndiyo njia ninayotaka uishike.

Dhuluma ilikuwepo, ila ilikaa kwenye malipo. Nancy alihamia Marekani, akafanya kazi benki huko New Jersey, huku "Bam Bam" ikizunguka dunia bila yeye kupata mirabaha. Ilipita miaka zaidi ya 30, mpaka alipousikia kwenye tangazo la viatu la televisheni mwaka 2014, ndipo akadai haki yake na kupata sehemu. Kila ninapoona mtu anauza "One, Two" ya chapa ya kwanza, yaani toleo la mwanzo kabisa, kwa bei ya ng'ombe, namkumbuka mama huyo akiwa kazini benki. Ukipata nafasi ya kulipia kazi yake kwa njia inayomfikia, lipia.

Kuna aina nyingine ya kufuatana ambayo utaipenda kama ulikulia kwenye gazeti lenye ukurasa wa mashairi, pale mshairi wa Tanga alipomjibu wa Mombasa kwa vina vilevile. Dijei Trinity aliyesifia suti yake ya vipande vitatu mwaka 1977 alijibiwa na wasichana wawili wa shule, Althea na Donna, juu ya ridimu ileile ya mwimbaji Alton Ellis. Jibu lao, "Uptown Top Ranking", likafika namba moja Uingereza Februari 1978. Mkusanyaji mwenye swali bila jibu lake ana nusu ya kitabu.

Sasa geuza majalada uyasome nyuma. Kwenye orodha yako nimeona "Mister Yellowman" na "The Outlaw Josey Wales". Jina la dijei mbele ni tofauti, lakini nyuma utakuta mtayarishaji mmoja, Henry "Junjo" Lawes, wanamuziki wamoja, Roots Radics, studio ya Channel One iliyokuwa Maxfield Avenue, na kampuni moja ya London, Greensleeves. Junjo alitawala miaka ya 1979 hadi 1985. Roots Radics walipunguza mwendo, besi ya Flabba Holt ikaachiwa nafasi, ngoma za Style Scott zikawa kavu kama mlango unaofungwa. Ndani ya nafasi hiyo dijei anasikika kila silabi. Ukisikia sauti ya namna hiyo kwenye santuri usiyoijua, pindua jalada. Mara nyingi jina la Junjo utalikuta. Hapa ndipo mwenye fedha kidogo anapofaidi: majina ya nyuma ya jalada yanakupeleka kwenye albamu nzuri ambazo wafuata-majina-ya-mbele wameziruka.

Utaona pia majina ya filamu za Kimarekani. Josey Wales, Lone Ranger, Clint Eastwood, Charlie Chaplin: wote ni madijei wa Jamaika. Sinema za ng'ombe na bastola zilikuwa chakula cha vijana wale, na dijei anapanda jukwaani kama mtu anayeingia mjini kutafuta mpinzani.

Yellowman lazima nimzungumze, maana mjomba wako ana albamu nne zake na sidhani kuwa ni kwa sababu ya mdundo tu. Winston Foster alizaliwa na ualbino, akalelewa kwenye vituo vya watoto, akadharauliwa tangu utotoni. Alichukua tusi akalifanya jina, akasimama mbele ya maelfu akijitangaza kuwa ndiye mwanaume anayetamanika kuliko wote Jamaika, na umati ukakubali. "Mister Yellowman" ya mwaka 1982 na "Zungguzungguguzungguzeng" ya 1983 zilimfanya dijei mkubwa kuliko wote wa wakati ule, na kampuni ya CBS ikamchukua. Kisha saratani ikamkata taya, akarudi tena jukwaani na uso uliobadilika. Nchini mwetu, ambako watu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, naona ni jambo zito kuwa baharia mmoja wa Tanga alikuwa akitembea na sura hiyo kwenye majalada yake.

Sitakuficha: Yellowman na General Echo walighani pia matusi ya chumbani, na humo mna maneno ya kuwadhalilisha wanawake ambayo mimi siyachezi mbele ya watu. Jamaika waliita mtindo huo "slackness", na hata kule uligawa watu. Upande wa pili walikuwepo kina Brigadier Jerry, wa saundi ya Jah Love, Rasta aliyeghani Biblia na historia. Yeye ni kaka yake Sister Nancy, na wazee wengi wa Kingston humtaja kuwa bora kuliko wote. Albamu zake ni chache mno. Umaarufu wake ulijengwa na kaseti zilizorekodiwa dansini, zikadurufiwa, zikavuka hadi London na New York mikononi mwa wasafiri.

Kwa hiyo niambie: ndani ya kasha hamna kaseti? Angalia chini na pembeni. Kama zipo, hata zisizo na jina, usirekodi juu yake. Tafuta deki nzima, safisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, cheza mara moja tu ukiihamishia kwenye kompyuta. Saundi nyingi hazikuacha kumbukumbu nyingine zaidi ya kaseti hizo. Uzuri wake ni kwamba unasikia usiku mzima: selekta anarudisha santuri mwanzo kwa sababu watu wamepiga kelele, mtu anaitwa aondoe gari lake, dijei mchanga anapewa kipaza sauti na kunyang'anywa baada ya dakika moja. Albamu ya studio haiwezi kukupa hayo. Zipo santuri chache zilizojaribu, na kama utanunua kitu kimoja mwaka huu, nunua "A Dee-Jay Explosion Inna Dance Hall Style" ya lebo ya Heartbeat, iliyorekodiwa mwaka 1982 ukumbi wa Skateland, Kingston. Brigadier Jerry, Sister Nancy, Eek-A-Mouse na Yellowman wote wamo, mbele ya watu wao. Imetolewa tena baadaye, kwa hiyo bei yake si ya kutisha. Ukiisikia, albamu zako zote nyingine zitabadilika, kwa sababu utajua zilikuwa zinaiga nini.

Baada ya Februari 1985 utasikia mlio mwingine. Mtayarishaji Prince Jammy alitoka na "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, ambayo mdundo wake ulitoka kwenye kinanda kidogo cha Casio MT-40. Ulikuwa umewekwa humo tayari kiwandani na mhandisi kijana wa Kijapani, Hiroko Okuda. Ndani ya miezi michache kila mtayarishaji alitaka kompyuta badala ya wapigaji. Wapo wakusanyaji wanaofunga mlango hapo. Mimi siufungi, lakini kwako ningesema malizia kwanza upande wa kabla ya Sleng Teng, ambako mjomba amekwisha kukujengea msingi. Albamu za Jammy na za lebo ya Power House usiziache zikupite kama jalada limechorwa na Wilfred Limonious: vikatuni vyenye macho makubwa na maneno madogo ya Kipatwa, lugha ya mtaani Jamaika, yaliyojazwa kila kona. Nyingine nimezinunua kwa ajili ya michoro tu.

Kuhusu kutambua chapa. Tazama lile eneo tupu kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya lebo ya katikati. Humo kuna namba na herufi zilizochongwa, nyingine kwa mkono. Zinakili zote, pande zote mbili, kisha zilinganishe na zilizoandikwa kwenye Discogs, tovuti yenye orodha za santuri. Jalada lenye msimbo pau kwenye albamu ya mwaka 1982 ni dalili ya chapa ya baadaye. Santuri ya Greensleeves inayotaja VP nyuma yake ni ya 2008 au baadaye, mwaka ambao kampuni ya VP ya New York iliinunua Greensleeves. Chapa ya baadaye si aibu. Mara nyingi ni kimya na safi. Chapa za Jamaika zenyewe mara nyingine zina mchakacho tangu siku ya kwanza, na tundu la katikati likikaa upande, sauti huyumba. Mimi huzitaka kwa sababu ya besi yake, lakini simwambii anayeanza azilipie mara nne.

Na kwenye bei usiangalie anachoomba muuzaji. Angalia zilizouzwa kweli zimeuzwa kwa kiasi gani. Miaka iliyopita nilituma fedha Ulaya kwa muuzaji mmoja aliyetangaza chapa ya kwanza ya Kingston. Jalada lilikuwa la kwanza kweli. Santuri ya ndani ilikuwa ya miaka ishirini baadaye, na imepinda. Namba za eneo lile tupu zingeniokoa kama ningeziomba kwa picha kabla ya kulipa. Ziombe kila mara. Na kabla hujaagiza ng'ambo, ukipita Nairobi ingia Kenyatta Market, kuna wauza santuri pale, na utaishika kwa mkono kabla ya kutoa pesa.

Tanga ni joto na chumvi, na hilo linanitia hofu kuliko bei. Santuri zisimame wima kama vitabu, zisilaliane, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Mifuko ya nailoni ya zamani inayonata itoe, weka karatasi safi. Ukungu wa majalada ufute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, kisha yaache kivulini penye upepo. Santuri yenyewe ioshe kwa maji yaliyochujwa yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Lebo isiguse maji. Zile mashine za santuri za mkoba za bei rahisi zina sindano nzito mno. Tafuta mashine inayokuruhusu kupima uzito wa sindano, karibu gramu mbili. Na kama chini ya kasha kuna santuri nene, nzito, za kukatika kama kigae, hizo ni za aina ile ya enzi ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Hizo usizitie spiriti kabisa, huyeyusha, na sindano ya rege usiiweke juu yake.

Nimebakiza maandishi ya mjomba, na hapa nitakuwa mkali kidogo: usifute hata nukta moja. Ni kweli wapo wanunuzi watakaokata bei. Lakini tazama ulichoniandikia mwenyewe. "One, Two" ina "London 11/82", na albamu hiyo ilitoka 1982. Mkono wa mjomba ndio unaokuambia kuwa hiyo ni chapa ya mwaka wake wa kwanza, kabla hatujasoma hata namba moja. "Mister Yellowman" ina "Rotterdam 3/83". "Ring the Alarm" ina "London 8/85", mwaka uleule ilipotoka. Meli ilikuwa ikitia nanga, naye akienda dukani moja kwa moja.

Basi zipange sakafuni zote 38 kwa tarehe zake, usizipange kwa jina la dijei. Piga picha nyuma ya kila jalada, andika bandari, mwezi na mwaka kwenye daftari. Halafu weka "Arleen", ikiisha weka "Bam Bam", ikiisha weka "Ring the Alarm", bila kuongea katikati. "Arleen" hujanitajia ina tarehe gani. General Echo aliuawa na polisi Kingston Novemba 1980, na ningependa sana kujua kama mjomba aliinunua angali hai.